Kwa nini jiji hupata fedha za kujenga bustani lakini hukosa za kuitunza?

#1 Kivuli cha Mchana (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Katika bustani ya umma ninayokatiza kila asubuhi nikienda kazini, tawi kubwa lilianguka usiku wa upepo na kuvunja mabenchi mawili. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ilikuwa saa nane za usiku. Wiki iliyofuata misumeno ikaja, miti tisa ya mstari ule ikakatwa yote, na mahali pake pakasimikwa bango linalosema kwamba anayeingia anaingia kwa dhamana yake mwenyewe. Nilipita nikavitazama visiki. Kile cha mti ulioangusha tawi kilikuwa na shimo katikati, limejaa unga wa kahawia unaosagika kwa vidole. Kingine kimoja kilikuwa na doa jeusi. Vile saba vilivyobaki vilikuwa vyeupe na vigumu mpaka moyoni.

Hoja yangu ni kwamba jiji halina utaratibu wa kusimamia hatari katika bustani zake, bali lina utaratibu wa kuitikia ajali. Bustani hiyo hiyo ilijengewa lango jipya na chemchemi mwaka juzi, kwa hiyo sikubali haraka kwamba fedha hakuna. Wenye ujuzi wa mambo haya nisaidieni: tatizo ni nini hasa?

#2 Mhasibu Mstaafu

Ndugu mleta mada, umegusa kazi niliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili. Lango na chemchemi vilitoka fungu la maendeleo, ambalo lina mfadhili, lina mkandarasi, na lina siku ya uzinduzi. Kupogoa miti, kuzibua mitaro na kukaza boliti za bembea ni matumizi ya kawaida, na fungu hilo linagombewa na mafuta ya magari, shajala na posho. Mwaka ukibana, fungu la kwanza kupunguzwa ni lile ambalo madhara yake hayaonekani mwaka huo huo. Tawi lililopogolewa kwa wakati haliachi chochote cha kuonyesha kwenye taarifa ya robo mwaka. Hakuna anayeandika kwamba mwaka huu tawi fulani halikuanguka.

Nilikuwa nikipendekeza kila mradi wa bustani upitishwe pamoja na makadirio ya matunzo ya miaka kumi, na kila mara jibu lilikuwa kwamba hilo litaangaliwa mradi ukishakamilika.

#3 Wakili wa Kata

Nampongeza #2 kwa maelezo hayo, lakini nadhani kuna sababu ya pili ambayo haisemwi hadharani, nayo ni woga wa kisheria.

Tuanze na lile bango. Katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1957 kuhusu dhima ya mwenye eneo, ambayo imeathiri nchi nyingi zenye mapokeo ya sheria hiyo, onyo peke yake halimwondolei mwenye eneo wajibu wake, isipokuwa pale linapotosha kumwezesha mgeni awe salama kwa kiasi kinachofaa. Bango la jumla langoni halimwambii mtu asikae wapi wala aepuke nini. Kwa hiyo kinga ambayo ofisi inadhani imeipata ni ndogo sana.

Jambo zito zaidi ni hili: ofisi ikikagua mti, ikaandika kwamba umeoza, kisha isiukate kwa kukosa fedha, karatasi ile itakuwa ushahidi dhidi yake mahakamani. Nimewasikia watumishi wakisema waziwazi kwamba ni heri wasijue. Wanakosea, kwa sababu mahakama pia huuliza ulipaswa kujua nini, na kutokagua kabisa ni uzembe unaojitegemea. Hata hivyo, ndiyo hofu inayowaongoza, na ndiyo inayofanya wakate miti tisa badala ya mmoja.

#4 Mama Pacha

Habari zenu. Sina taaluma yoyote kati ya hizo, ila nina watoto wawili wanaocheza bustanini kila Jumamosi. Naomba tusiongelee miti peke yake.

Siku moja nilishika mnyororo wa bembea, nikaona kile kipete cha juu kinachoubeba kimelika kwa msuguano mpaka kikabaki chembamba kama waya wa kuning'inizia nguo. Rangi ya nguzo ilikuwa mpya, inanukia. Yaani mtu alipanda ngazi, akafika pale pale juu, akapaka rangi hadi kwenye kipete chenyewe, kisha akashuka bila kukiona. Niliwaita wazazi wenzangu tukaifunga bembea kwa kamba, nikatoa taarifa. Kamba yetu ilikaa miezi minne.

Kwa hiyo nawauliza #2 na #3: hiyo ilikuwa bajeti au woga wa sheria? Fedha ya rangi ilikuwepo.

#5 Fundi Kamba

Mama Pacha, ulichokieleza hakihusu bajeti wala sheria. Hapo hapakuwa na mtu aliyefundishwa nini cha kutazama. Mimi hupanda miti kwa kamba na msumeno, ni kazi yangu kwa miaka kumi na minne, na naomba nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu nikisoma #1 nauona mti ule kana kwamba niko chini yake.

Ugonjwa wa mti wa bustani mara nyingi huanzia sentimita kumi za kwanza juu ya ardhi. Kijana anayekata nyasi hulipwa kwa eneo alilomaliza, basi huzungusha uzi wa mashine mpaka unapiga ganda la shina. Akipiga leo, akapiga wiki mbili zijazo, baada ya misimu miwili kuna kidonda kinachozunguka robo ya shina, na hapo ndipo kuvu huingia. Dawa yake ni ya bei rahisi kuliko zote nizijuazo: duara la matandazo kuzunguka mti, nyasi zisiote karibu, mashine isiwe na sababu ya kusogea. Matandazo yasigusane na shina, maana yakilundikwa kama kichuguu ganda huoza kwa unyevu.

Kosa la pili ni kukata vilele. Ofisi huagiza mti "ufupishwe" ili uwe salama, mkandarasi anakata matawi makuu nusu, na mti unajibu kwa kuchipua machipukizi mengi yaliyoshikamana na tabaka la nje tu. Baada ya miaka michache machipukizi yale ni matawi mazito yasiyo na mzizi ndani ya shina, huku jeraha la chini yake likioza. Mti uliokatwa kilele kwa ajili ya usalama huwa hatari zaidi kuliko ulivyokuwa. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani, alipasua maelfu ya magogo akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi inavyofanya. Hukizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukikata nje kidogo tu ya ule uvimbe ulio kwenye maungio ya tawi na shina, ukuta unajengeka. Ukiukata uvimbe wenyewe, au ukiacha kigutu kirefu, ukuta haujengeki vizuri.

Mti wa #1 ungeweza kujulikana mapema. Mjerumani Claus Mattheck ameeleza jinsi mti unavyoonyesha udhaifu wake kwa umbo: uvimbe, mbonyeo, ufa, uyoga mgumu unaoota kwenye shina. Mkaguzi huzunguka, hugonga kwa nyundo ya plastiki na kusikiliza, na mlio wa utupu anautambua hata aliyejifunza jana. Akitilia shaka ndipo kifaa hutumika, ama sindano ndefu inayopima ukinzani wa mbao, ama vipima sauti vinavyofungwa kuzunguka shina. Ukaguzi wa macho na nyundo kwa miti tisa ni kazi ya asubuhi moja.

#6 Mtembea kwa Miguu

Asante Fundi Kamba. Naongeza mfano unaoumiza: mwaka 2017 huko Funchal, kisiwani Madeira, mti wa mkaratusi uliwaangukia watu waliokusanyika kwa sherehe ya dini na kuua 13. Baada ya hapo sioni mtu wa kuilaumu halmashauri inayokata kwanza na kuuliza baadaye.

#7 Mpanda Miche

Marekebisho madogo kwa #6. Mti ule ulikuwa mwaloni mkubwa wa miaka mingi, haukuwa mkaratusi. Tarehe ni 15 Agosti 2017, na idadi ya waliofariki umeitaja sawa.

Ila nakataa hitimisho lako. Nchini Uingereza, kwenye mamilioni ya miti inayosimama mahali penye watu, wanaouawa na miti inayoanguka ni wastani wa watu 6 hivi kwa mwaka, yaani takriban mmoja kwa kila milioni kumi. Mwongozo wa usalama wa miti wa nchi hiyo umejengwa juu ya hesabu hiyo: kagua zaidi mahali watu wanapokaa na kukusanyika, kagua kidogo mahali wanapopita mara chache, na usikate mti kwa sababu tu ni mkubwa. Mti uliooza katikati ya kichaka ambako hakuna afikaye ni makazi ya ndege. Mti huo huo ukiwa juu ya benchi ni jambo la dharura.

#8 Wakili wa Kata

Namuunga mkono #7. Hicho ndicho mahakama inachokiita uangalifu unaofaa, nao haumaanishi kuondoa kila hatari.

#9 Mhandisi wa Mitaro

Mjadala umekaa kwenye miti, nami naomba kuuleta kwenye maji, kwa sababu huko ndiko ninakoona jibu la swali la #1 kwa njia nyingine kabisa.

Bustani hutunzwa vizuri pale jiji linapoihitaji kwa kazi ambayo haina mbadala. Copenhagen ilipigwa na mvua kubwa tarehe 2 Julai 2011, vyumba vya chini na barabara zikajaa maji, na hasara ilikuwa kubwa sana. Walichofanya ni kuzifanya bustani kuwa sehemu ya mfumo wa maji. Bustani ya Enghaveparken ilifunguliwa upya mwaka 2019 ikiwa na uwezo wa kushika zaidi ya mita za ujazo 22,000 za maji ya mvua, kwa kushusha baadhi ya maeneo yake na kuizungushia ukuta mfupi wa kukalia. Singapore nao katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio waliuondoa mfereji wa zege wa kilomita 2.7 mwaka 2012 na kuuacha mto upinde kwa kilomita zipatazo 3. Mvua ikinyesha mto unapanuka juu ya nyasi, na kuna vihisi vya kina cha maji, ving'ora na taa za kuwaonya watu watoke.

Sasa hatari iko wapi? Iko kwenye wavu wa mdomo wa mtaro. Nimewahi kupiga magoti kwenye bustani iliyofurika, nikaingiza mkono mpaka begani, nikatoa tabaka la majani na mifuko ya plastiki lililoshikana kama mkeka, na maji yakaanza kuzunguka na kushuka huku tunayatazama. Mfumo wa fedha nyingi ulikuwa umezibwa na kitu cha unene wa kiganja. Mtu mmoja mwenye reki kabla ya msimu wa mvua angetosha.

#10 Mhasibu Mstaafu

Mhandisi, mtu mwenye reki ni mshahara, na mshahara ni matumizi ya kawaida. Umerudi kwangu.

#11 Mhandisi wa Mitaro

Nimerudi, mzee wangu, nakiri. Lakini kwetu reki ililipwa na idara ya maji, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yanaiumiza idara hiyo. Ndiyo maana nasema tuulize nani anaumia bustani isipotunzwa. Kama hakuna idara inayoumia, hakuna atakayelipa.

#12 Bibi Afya wa Mtaa

Wa kuumia wapo, ila hawana idara. Maji yaliyotuama kwenye bustani ni suala la afya ya umma. Tokyo ilijifunza mwaka 2014, wakati watu waliokuwa wametembelea bustani ya Yoyogi walipougua homa ya dengi, maambukizi ya kwanza ya ndani ya nchi tangu mwaka 1945. Sehemu kubwa ya bustani ilifungwa, bwawa likatolewa maji, dawa ikapulizwa. Walioambukizwa walipita 150.

Mbu anayeeneza dengi hahitaji bwawa. Hutaga kwenye kifuniko cha chupa, kwenye pipa la taka lisilo na tundu chini, kwenye sahani ya chungu cha maua. Ninapokagua bustani huanza na mapipa: nainua mfuko, natazama chini. Mara nyingi kuna maji ya vidole viwili, na ndani yake viluwiluwi wanajipinda. Kutoboa tundu kwenye kila pipa ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye keekee. Kupuliza dawa kila mwezi ndiko kunakopewa kipaumbele, kwa sababu moshi unaonekana, ingawa kunaua nyuki na kumwacha mbu aliyejificha.

#13 Mama Pacha

Dada Bibi Afya, leo hii hii nakwenda kuangalia mapipa ya bustani yetu. Asante sana.

#14 Mchimba Udongo

Naona hakuna aliyetaja kilicho chini ya nyasi. Bustani nyingi za mijini hupewa ardhi ambayo haikufaa kwa jambo lingine: jalala la zamani, kiwanda kilichofungwa, karakana. Freshkills huko New York lilikuwa jalala tangu 1948 hadi 2001, na leo linageuzwa kuwa bustani huku gesi ya methani ikivutwa kwa mabomba chini ya tabaka la udongo. Gas Works Park ya Seattle ilifunguliwa mwaka 1975 juu ya kiwanda kilichotengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe, na baadaye mafuta, kuanzia 1906 hadi 1956. Mwaka 1984 ilibidi ifungwe kwa muda ili udongo upimwe. Bustani ya namna hiyo huwa haikamiliki. Tabaka la juu likimomonyoka kwa mvua au likachimbwa na fundi wa mabomba asiye na ramani, sumu inarudi juu, na kipimo cha siku ya ufunguzi hakina maana tena.

Hata kinacholetwa kutoka nje kinahitaji kupimwa. Januari 2024, bustani mpya ya Rozelle jijini Sydney ilifungwa baada ya asbesto kupatikana kwenye matandazo yaliyotengenezwa kwa mbao zilizorejelezwa, na ukaguzi ukagundua maeneo mengine mengi yaliyotandazwa vitu hivyo hivyo, zikiwemo shule. Fundi Kamba, matandazo yako uliyoyasifu nayo yawe na cheti.

#15 Fundi Kamba

Nakubali kabisa, Mchimba Udongo. Mimi hutumia vipande vya matawi niliyoyakata mwenyewe bustani ile ile, baada ya kuhakikisha hayana ugonjwa. Huo ndio usalama ninaouweza.

#16 Mpanda Miche

Kuhusu ugonjwa, nami niongeze. Miti tisa ya #1 ilikuwa ya aina moja? Kama ndivyo, hatari ilipandwa tangu siku ya kwanza. Mwaka 1990 Frank Santamour wa Marekani alipendekeza jiji lisizidishe asilimia 10 ya spishi moja, 20 ya jenasi moja, na 30 ya familia moja, kwa sababu miji ya huko ilikuwa imepoteza mistari mizima ya miti ya elmi kwa ugonjwa mmoja. Afrika Kusini imekuwa ikipambana, tangu mwaka 2017, na mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele anayetoboa shina na kupanda kuvu ndani yake ili kulisha viluwiluwi wake. Mti mnene husimama unaonekana mzima, kumbe ndani mishipa ya maji imezibwa.

Ukibeba kuni za mti wenye mbawakawa huyo kutoka bustani moja kwenda nyingine, umemhamisha. Kwa hiyo namuuliza mleta mada: magogo ya ile miti tisa yalipelekwa wapi?

#17 Mtembea kwa Miguu

Nimekubali marekebisho ya #7. Ila nirudi kwenye fedha. Central Park ya New York ilikuwa imechakaa vibaya katika miaka ya 1970, ikainuliwa na shirika la wananchi lililoanzishwa mwaka 1980, ambalo hukusanya michango na kuigawa bustani katika maeneo madogo, kila eneo na mtunzaji wake anayejulikana. Kwa nini tusifanye hivyo, tuache kuisubiri halmashauri?

#18 Mhasibu Mstaafu

Kwa sababu Central Park imezungukwa na nyumba za matajiri. Bustani ya mtaa wa wapangaji itachangiwa na nani? Ukiruhusu michango iwe ndiyo njia kuu, bustani iliyo salama itakuwa ya wenye nacho, na ile yenye kipete kilicholika itabaki kuwa ya watoto wa wengine. Sehemu ya mtunzaji mmoja kwa eneo moja naiafiki kwa moyo wote, kwani haihitaji tajiri.

#19 Mtembea kwa Miguu

Hata michango ya nguvu kazi unaikataa? Watu wa mtaa wakijitolea asubuhi moja kwa mwezi?

#20 Wakili wa Kata

Wakijitolea, nani atawajibika mmoja wao akijikata? Sisemi wasifanye. Nasema waandikiwe kwanza makubaliano na ofisi husika. Pia wasipande juu ya miti.

#21 Kivuli cha Mchana (mwanzilishi wa uzi)

Nawashukuru nyote. Nimekwenda leo asubuhi na nyundo ya plastiki ya kugongea vigae. Upande wa pili wa njia kuna miti sita iliyobaki, ya aina ile ile, ndugu Mpanda Miche, na kuhusu magogo, mlinzi ameniambia yalichukuliwa na wauza kuni siku hiyo hiyo.

Nimeizunguka yote sita. Minne imechubuliwa na mashine ya nyasi chini, mmoja kwa upana wa viganja viwili, na mbao iliyo wazi imekuwa ya kijivu. Nimegonga. Mitano inalia kavu na kwa kina. Wa sita, ulio karibu kabisa na kituo cha wamachinga, upande wa barabara unalia tofauti, kama debe lililofunikwa, na usawa wa goti una uyoga mgumu wa rangi ya kutu wenye ukubwa wa sahani. Nimepiga picha na kuandika barua.

Wakili, naiandikia ofisi ipi: ya bustani, ya barabara, au ya misitu? Mlinzi anasema kila mmoja atasema ni wa mwenzake.

#22 Wakili wa Kata

Andika kwa mkurugenzi wa jiji, nakala kwa zote tatu, na ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Tarehe iwe ya leo.

#23 Fundi Kamba

Huo uyoga usiuchomoe, waache waje wauone. Na uwaambie wamachinga wasogee mita kadhaa upande wa pili leo, kabla barua haijajibiwa. Nitumie picha ya shina kwa chini, ile sehemu inayogusana na udongo, tuone kama mizizi ya upande wa barabara ilikatwa wakati wa kujenga lango.